Uunganishaji wa mfumo wa inesha na laida tembezi: istilahi, ngeli na matumizi

uunganishaji wa mfumo wa inesha na laida tembezi *kirai nomino*, ngeli ya U. *Uunganishaji huu umekamilika. Uunganishaji usio makini.*

Fasili. Kitendo cha kuvifanya vyombo viwili vitende kazi kama chombo kimoja wakati vikiwa katika mwendo: kimoja kinachokokotoa mahali kilipo na kinakoelekea kwa kuhisi mwendo wake chenyewe, na kingine kinachopima umbali wa vitu kwa miale ya leza. Lengo lake ni kuipatia kila nukta iliyopimwa mahali pake katika ramani, ingawa chombo kilichoipima hakikutulia hata kwa nukta ya sekunde. Vyombo hivyo hufungwa juu ya gari, droni, mashua, garimoshi, au begi la mtu anayetembea kwa miguu.

Makala haya yanawalenga wanafunzi, walimu na wafasiri wanaokutana na miongozo ya vifaa vya upimaji wa ardhi, hadidu za rejea za zabuni, na tasnifu za jiomatiki. Istilahi za uwanja huu bado hazijatulia katika Kiswahili. Baadhi zimo katika kamusi, baadhi zimezaliwa katika programu za simu na kompyuta, na nyingine hapa zinapendekezwa tu. Pale ambapo istilahi ni pendekezo, msomaji ataarifiwa. Alama ya nyota (*) kabla ya tungo inaonyesha matumizi yasiyofaa.

## 1. Jambo lenyewe kwa ufupi

Skana ya leza hutoa mwale na kupima muda unaotumika hadi mwale huo urudi. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa kuwa mwale huenda na kurudi, muda huo mdogo ni sawa na umbali wa sentimita 15. Skana inaweza kupima nukta laki kadhaa kwa sekunde moja. Hata hivyo inachokijua ni hiki tu: "kitu kipo umbali huu, upande huu *kutoka kwangu*." Haijui yenyewe iko wapi.

Mfumo wa inesha hujibu swali hilo la pili. Ndani yake mna jairoskopu tatu zinazohisi mzunguko na vipimamchapuko vitatu vinavyohisi badiliko la kasi. Kutokana na hivyo mfumo hukokotoa ulikofika, hata pasipo ishara yoyote kutoka nje. Uwezo huo una historia ndefu. Jairoskopu ilipewa jina lake na Mfaransa Léon Foucault mwaka 1852. Na tarehe 3 Agosti 1958 nyambizi ya Marekani *Nautilus* ilipita chini ya barafu katika Ncha ya Kaskazini kwa kutegemea mfumo wa inesha, mahali ambapo dira ya sumaku haiaminiki.

Udhaifu wa mfumo wa inesha ni kwamba makosa yake hukua kadiri muda unavyopita. Kipimamchapuko chenye kosa la kudumu la sehemu moja ya elfu ya mvutano wa dunia kitapotosha mahali kwa takriban nusu mita baada ya sekunde 10, na kwa zaidi ya mita 17 baada ya dakika moja. Ndiyo maana mfumo huo huunganishwa pia na kipokezi cha satelaiti (GPS na mifumo ya aina yake), ambacho hakina kosa linalokua namna hiyo, lakini hunyamaza ndani ya handaki, chini ya daraja na katikati ya majengo marefu. Satelaiti hurekebisha inesha. Inesha huziba pengo la satelaiti. Laida hupima dunia kutokea mahali hapo palipojulikana.

## 2. Majina ya vyombo

laida (ngeli ya I/ZI). Utohozi unaofuata njia iliyokwisha kupitiwa na *rada*, *leza* na *sonari*: neno lililokuwa kifupisho katika lugha chanzi limekuwa nomino ya kawaida, lenye irabu mwishoni na lisilo na kiambishi cha umoja au wingi. *Laida hii imeharibika. Laida hizi zimeharibika.* Hakuna haja ya kuliandika kwa herufi kubwa, kama tusivyoandika *RADA*.

skana (I/ZI). Baadhi ya programu za simu hutumia *kichanganuzi* na kitenzi *changanua*. Katika uwanja huu matumizi hayo yanaleta utata, kwa kuwa *kuchanganua data* ni kazi nyingine kabisa, inayofanyika baadaye ofisini. *Skana* na *kuskani* ni salama zaidi.

tembezi. Kivumishi hiki kinatofautisha laida inayopima *wakati ikiwa katika mwendo* na ile inayopima ikiwa imesimama juu ya miguu mitatu. Mfasiri aepuke skana ya kuhamishika*, kwa maana skana ya miguu mitatu nayo huhamishika: hubebwa, husimikwa, hupima, kisha hubebwa tena. Aepuke pia *rununu*, neno lililokwisha kuchukuliwa na simu. Tofauti hii si ndogo, kwani skana iliyotulia haihitaji mfumo wa inesha, na gharama zake ni nyingine.

inesha (I/ZI). Tabia ya kitu kubaki kilivyo, kikiwa kimetulia au kikienda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, hadi nguvu ya nje ikiguse. Neno hili linafahamika katika fizikia ya Kiswahili, na ndilo linalofaa kuendelezwa.

kipimainesha (KI/VI, pendekezo) na mfumo wa urambazaji wa inesha (U/I). Hivi ni vitu viwili. Kipimainesha ni kisanduku chenye vihisi: hutoa vipimo vya mzunguko na mchapuko, basi. Mfumo ni kisanduku hicho pamoja na ukokotozi unaogeuza vipimo kuwa mahali, kasi na mwelekeo. Zabuni inayoomba "mfumo" ikaletewa kipimainesha pekee imeletewa nusu ya kifaa. *Urambazaji*, neno lenye asili katika safari za vyombo vya baharini, limekwisha kuzoeleka katika kurasa za kompyuta, na hapa linarudi karibu na maana yake ya kwanza.

kihisi (KI/VI). Linafaa kuliko *sensa*, ambalo kwa msomaji wa Kiswahili ni kuhesabu watu. Sensa ya gari imeshindwa* itasomwa kwa maana isiyokusudiwa.

mchapuko (U/I). Badiliko la kasi kwa muda, kutokana na *chapuka*. Mhariri awe na jicho kali hapa: irabu moja ikiteleza tunapata *mchepuko*, yaani kutoka katika njia kuu, na katika mazungumzo ya mitaani, jambo jingine lisilohusu fizikia. Kisahihishaji cha kompyuta hakitalikamata kosa hilo, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Ikumbukwe pia kwamba kipimamchapuko kilicholala mezani hakisomi sifuri; husoma takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba, kwa sababu kinahisi jinsi meza inavyokizuia kisianguke. Mfasiri anayekutana na tarakimu hiyo katika jedwali la kifaa "kilichotulia" asidhani ni kosa la chapa.

## 3. Unganisha, jumuisha, changanya

Lugha chanzi nyingi za miongozo hutumia neno moja kwa matendo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kuviweka vyombo pamoja vifanye kazi kwa umoja. La pili ni tendo la hisabati la kukusanya badiliko dogodogo hadi kupata jumla: kutoka mchapuko kwenda kasi, na kutoka kasi kwenda umbali. Matendo yote mawili hutokea katika ukurasa mmoja wa mwongozo wa inesha, mara nyingine katika aya moja. Inapendekezwa yagawanywe hivi:

- unganisha, uunganishaji: kuweka vyombo au mifumo pamoja. *Tumeunganisha laida na mfumo wa inesha.*
- jumuisha, ujumuishaji: tendo la hisabati. *Mchapuko ukijumuishwa mara mbili kwa muda, hupatikana umbali.*
- changanya, uchanganyaji wa data: kutumia vipimo vya vyanzo mbalimbali kupata jibu moja lililo bora kuliko la kila chanzo peke yake. *Vipimo vya satelaiti na vya inesha huchanganywa katika ukokotozi.*

Sentensi Makosa hutokana na kuunganisha mchapuko mara mbili* itampeleka fundi akague nyaya, ilhali kosa liko katika ukokotozi.

## 4. Kitenzi *sawazisha* na hatari yake

Hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika, na ndipo makala haya yatakapokaa zaidi.

*Sawazisha* ni kitenzi kizuri chenye kazi nyingi. Seremala husawazisha meza iliyoyumba. Timu iliyofungwa husawazisha dakika za mwisho. Simu husawazisha akaunti. Fundi wa mizani husawazisha mizani. Kila matumizi hayo ni halali mahali pake. Ugumu unakuja pale mwongozo mmoja unapotaka matendo matano tofauti, na mfasiri akayatia yote katika kitenzi hicho kimoja. Agizo Sawazisha skana na mfumo wa inesha kabla ya safari* laweza kufasiriwa na mafundi watano kwa namna tano, na kila mmoja akaamini ametii.

Matendo hayo matano ni haya:

(a) Kulandanisha saa. Kuhakikisha saa ya skana na saa ya mfumo wa inesha zinakwenda pamoja. Kwa kawaida kipokezi cha satelaiti hutoa mpigo mmoja wa umeme kila sekunde pamoja na ujumbe unaotaja muda wenyewe, na vyombo vyote hufuata mpigo huo. Kitenzi landanisha kimekwisha kutumika katika istilahi za kompyuta kwa maana hii, na kinafaa kubakizwa kwa maana hii tu.

(b) Kugeza vihisi. Kulinganisha usomaji wa kila kihisi na kipimo kinachoaminika, ili makosa yake ya kudumu yajulikane na kuondolewa. Geza na ugezi ni maneno yanayotumika katika taaluma ya viwango na vipimo nchini Tanzania. Kitu kinachotafutwa hapa ni *kosa la kudumu* la kihisi. Baadhi ya tafsiri za takwimu zimeliita *upendeleo*. Lakini upendeleo wa jairoskopu* humfanya msomaji aulize imempendelea nani.

(c) Kupima umbali wa vitovu. Kitovu cha skana, ambapo umbali huanza kuhesabiwa, hakiko mahali pamoja na kitovu cha kipimainesha, wala cha antena ya satelaiti. Tofauti hizo hupimwa katika pande tatu: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Tafsiri sisisi mkono wa wenzo* haimwambii msomaji lolote, kwa kuwa hakuna kinachonyanyuliwa. Umbali wa vitovu (pendekezo) unataja kinachopimwa.

(d) Kutafuta pembe za ufungaji. Hata fundi hodari hawezi kuifunga skana ikaelekea sawasawa na kipimainesha. Hubaki tofauti ndogo ya pembe katika mihimili mitatu. Pembe za ufungaji (pendekezo) ndizo tofauti hizo. Hazitafutwi kwa rula, bali kwa kulinganisha data za safari mbili au zaidi zilizopita mahali pamoja.

(e) Kujielekeza kwa mwanzo. Mfumo wa inesha ukiwashwa haujui juu ni wapi wala kaskazini ni wapi. Mvutano wa dunia huuonyesha wima. Kaskazini hupatikana ama kwa mwendo wa gari ukisaidiwa na satelaiti, ama, kwa jairoskopu za daraja la juu sana, kwa kuhisi mzunguko wa dunia wenyewe wa takriban digrii 15 kwa saa. Njia hiyo ya mwisho hufanya kazi vizuri zaidi karibu na ikweta, ambako mhimili wa mzunguko umelala sambamba na ardhi, na hushindwa kwenye ncha. Tendo hili linahusu mfumo wa inesha peke yake, laida haimo. Kuliita *kusawazisha* ni kulichanganya na (d).

Tofauti hizi si za kilugha tu. Kila tendo likikosewa huacha alama yake katika data, na mpimaji mzoefu huitambua alama hiyo:

*Pembe ya ufungaji* isiyo sahihi huzaa kosa linalokua kwa umbali. Kosa la digrii 0.1 ni sentimita 1.7 kwa ukuta ulio mita 10, lakini ni sentimita 17.5 kwa ukuta ulio mita 100.

*Umbali wa vitovu* usio sahihi huzaa kosa lisilobadilika kwa umbali: sentimita 5 ni sentimita 5, kwa ukuta wa karibu na wa mbali. Hata hivyo kosa la mlalo hugeuka pamoja na gari. Nguzo moja ikipimwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, itaonekana kama nguzo mbili zilizoachana kwa sentimita 10. Kosa la wima haligeuki, na kwa hiyo safari mbili hazilifichui. Hudai alama ya ardhini ambayo kimo chake kinajulikana.

*Saa zisizolandana* huzaa kosa linalokua kwa kasi. Gari linalokwenda mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, likiwa na tofauti ya sehemu 10 za elfu za sekunde, hupotosha kila nukta kwa sentimita 20. Likisimama, kosa hutoweka. Likikata kona kwa digrii 30 kwa sekunde, tofauti hiyohiyo ya muda huwa digrii 0.3, ambayo kwa jengo lililo mita 50 ni sentimita 26.

Sasa na tumfikirie fundi aliyeona nguzo zake zimekuwa mbilimbili. Mwongozo wake wa Kiswahili unasema: Rudia usawazishaji.* Usawazishaji upi? Akirudia kupima umbali wa vitovu ilhali kosa liko katika saa, atapoteza siku nzima, na pengine "atalisahihisha" kosa la kasi moja kwa namba itakayoharibu data za kasi nyingine zote. Mfasiri aliyetumia kitenzi kimoja ndiye aliyemwondolea njia ya kujua.

## 5. Mielekeo mitatu

Chombo kikiwa katika mwendo huweza kuinamia ubavuni, kuinua au kuinamisha sehemu ya mbele, na kugeuka kulia au kushoto. Pwani ina neno mrama, na mfasiri atavutwa nalo: *chombo kinakwenda mrama.* Lakini mrama huelezea kuyumba kwa chombo kwa ujumla bila kutenga mhimili mmoja. Tena nahau *mambo yamekwenda mrama* imelifanya neno liashirie kuharibika. Jedwali lenye safu iitwayo *Mrama: digrii 1.2* litasomeka kama taarifa ya ajali.

Yanapendekezwa majina matatu yanayoonyesha mhimili waziwazi:

- mwinamo wa ubavu: kuinamia kulia au kushoto;
- mwinamo wa omo: kuinuka au kushuka kwa sehemu ya mbele;
- uelekeo: pembe kati ya kaskazini na mbele ya chombo.

*Omo* ni sehemu ya mbele ya chombo cha baharini, na *tezi* ni ya nyuma. Methali *Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani* imeyahifadhi maneno hayo hata kwa wasiowahi kupanda jahazi. Kwa gari au droni, *mwinamo wa mbele* nao unakubalika, mradi andiko moja lishike jina moja.

Pembe ya ubavu ndiyo rahisi kuonekana ikikosewa. Barabara tambarare itaonekana imeinamia upande mmoja katika data za kwenda, na upande wa pili katika data za kurudi.

Tahadhari ya nyongeza: watengenezaji hawakubaliani kuhusu mihimili. Wengine huhesabu mbele, kulia na chini. Wengine mbele, kushoto na juu. Kwa hiyo alama ya kutoa mbele ya namba ni sehemu ya maana, na mfasiri asiiache wala asiitenganishe na namba yake mwishoni mwa mstari.

## 6. Muda na namba

Mzungumzaji wa Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo: *saa tatu asubuhi* ni 9:00. Katika rekodi za vifaa desturi hiyo ifungiwe nje. Muda uandikwe kwa tarakimu za saa 24, na mfumo wake utajwe: ama saa za Afrika Mashariki, ama saa ya kimataifa iliyo nyuma yake kwa saa 3, ama saa ya GPS. Saa ya GPS nayo iko mbele ya saa ya kimataifa kwa sekunde 18 tangu mwanzo wa mwaka 2017. Sekunde 18 huonekana chache. Kwa gari lililotajwa hapo juu ni mita 360 za barabara.

Mhuri wa muda (U/I: mihuri ya muda) ni jina linalofaa kwa alama ya saa inayoambatana na kila kipimo, kwa kuwa mhuri katika ofisi zetu hufanya kazi hiyohiyo ya kuthibitisha lini.

Kuhusu namba: nchini Tanzania na Kenya nukta hutenga desimali na mkato hutenga maelfu. Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa wamezoea kinyume chake. Umbali wa vitovu ulioandikwa *1,250* waweza kuwa mita moja na robo au milimita elfu moja na mia mbili hamsini, ambazo kwa bahati ni sawa. Lakini bahati hiyo hutegemea kipimo kutajwa. Daima kipimo kitajwe.

## 7. Usahihi wa namna mbili

*Usahihi* hutumika kwa dhana mbili ambazo mpimaji hawezi kuzichanganya. Moja ni ukaribu wa kipimo na ukweli. Nyingine ni ukaribu wa vipimo vyenyewe kwa vyenyewe vinaporudiwa. Mishale mitano iliyochomwa pamoja mbali na shabaha ina dhana ya pili bila ya kwanza. Inapendekezwa usahihi libaki kwa dhana ya kwanza, na ulingano wa marudio litumike kwa ya pili.

Laida tembezi huidhihirisha tofauti hii. Gari likitoka handakini, data za dakika hiyo zaweza kulingana zenyewe vizuri mno: kingo za barabara zimenyooka, nguzo zimesimama wima. Lakini barabara yote imehama nusu mita kutoka mahali pake, kwa kuwa inesha ilikuwa peke yake bila satelaiti. Hali hii ya kipimo kusogea taratibu huitwa hapa mhamo (pendekezo, ngeli ya U/I). Mkataba unaodai "usahihi wa sentimita 5" bila kusema ni usahihi wa mahali katika ramani au ulingano wa ndani wa data huacha mlango wa mgogoro wazi.

## 8. Kimo na mwinuko

Satelaiti na mfumo wa inesha hutoa kimo cha elipsoidi, yaani umbali wima kutoka umbo la kihisabati linalokadiria dunia. Wahandisi wa barabara na maji huhitaji mwinuko juu ya usawa wa bahari. Tofauti ya viwili hivyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali na huweza kufikia makumi ya mita. Maji hufuata cha pili. Kwa hiyo *urefu*, neno linaloweza kubeba vyote viwili, liepukwe katika jedwali la data.

Vilevile ramani nyingi za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa mfumo rejea uitwao Arc 1960, ilhali satelaiti za GPS hutumia WGS 84. Namba zilezile za longitudo na latitudo katika mifumo hiyo miwili hazielekezi mahali pamoja. Tofauti huwa ya mamia ya mita. Majina ya mifumo rejea hayatafsiriwi wala hayafupishwi.

## 9. Maneno mengine ya kuangaliwa

wingu la nukta (LI/YA: mawingu ya nukta). Mkusanyiko wa nukta zote zilizopimwa. Kwa kuwa *wingu* limekwisha kutumika kwa hifadhi ya mtandaoni, kirai kitajwe kikamilifu: Pakia data kwenye wingu* ni agizo lenye maana mbili.

kichujio cha Kalman (KI/VI). Njia ya ukokotozi iliyochapishwa na Rudolf Kalman mwaka 1960, ambayo ndiyo kiini cha uchanganyaji wa data za inesha na satelaiti. Jina limekubalika kwa uwazi wake, ila lisimpoteze mwanafunzi: hapa hakuna tui linalotengwa na machicha. Kichujio hiki hufanana zaidi na hakimu mwenye mashahidi wawili, anayempa kila mmoja uzito kulingana na kuaminika kwake kwa wakati huo. Kitenzi cha kueleza kazi yake ni *kupima uzito*, si *kuchuja*.

ulainishaji (U). Ukokotozi unaofanywa baada ya safari, data zikipitiwa kutoka mwanzo hadi mwisho na kutoka mwisho hadi mwanzo. Kwa njia hiyo kosa lililokua ndani ya handaki hubanwa kutoka pande zote mbili. Hauwezekani wakati gari lingali likienda; mwongozo unaotaja *ulainishaji wa papo hapo* ukaguliwe upya.

## 10. Mfano wa kuhariri

Tafsiri ya awali:

*\*Kabla ya kuanza, sawazisha sensa. Hakikisha mkono wa wenzo umesawazishwa na upendeleo umeondolewa. Baada ya safari, sawazisha pembe na upakie kwenye wingu.*

Baada ya kuhaririwa:

*Kabla ya kuanza, hakikisha saa za skana na za mfumo wa inesha zimelandana, kisha uache mfumo ujielekeze hadi taa ya utayari iwake. Hakikisha umbali wa vitovu umeingizwa kwa mita, pamoja na alama zake za kujumlisha na kutoa, na kwamba makosa ya kudumu ya vihisi yaliyopatikana katika ugezi wa mwisho yamo katika faili la kifaa. Baada ya safari, kokotoa pembe za ufungaji kwa kulinganisha safari ya kwenda na ya kurudi, ndipo utengeneze wingu la nukta.*

Tafsiri ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, na mteja anayelipa kwa idadi ya maneno huenda akalalamika. Ajibiwe kwamba ya kwanza haina agizo hata moja linaloweza kutekelezwa bila kubahatisha.

## Muhtasari wa upatanisho

- *laida, skana, inesha, jairoskopu*: I/ZI. *Jairoskopu hizi zimegezwa.*
- *kihisi, kipimainesha, kipimamchapuko, kitovu, kichujio*: KI/VI. *Vitovu viwili vimepimwa.*
- *mfumo, mchapuko, mwinamo, mhamo, mhuri*: U/I. *Mihamo imepungua.*
- *wingu, kosa*: LI/YA. *Makosa ya kudumu yameondolewa.*
- *uunganishaji, ujumuishaji, ulandanishaji, ugezi, usahihi*: U. *Ugezi wa mwaka huu umechelewa.*